Kifua kisichopona: kifuko cha kuzaliwa nacho kwenye umio wa mtoto

Mtoto wa miezi minane anayepumua kwa mluzi hakosi jina la ugonjwa nchini Uganda. Kwenye kituo cha afya ataambiwa ana nimonia. Kliniki ya mtaani itasema ni pumu au aleji. Akikonda, mtu atataja kifua kikuu. Nyumbani jjajja, yaani bibi yake, atamfunua mdomo, atazame ufizi, aseme ni ebinyo, yale meno machanga yanayodhaniwa kuleta homa na kutapika. Upande wa magharibi wapo watakaosema ni oburo, kwamba kifuani mna punje zinazotakiwa kutolewa kwa wembe. Majina ya hospitalini mara nyingi huwa sahihi, kwa sababu nimonia na pumu ni magonjwa ya kila siku. Makala hii inamhusu mtoto ambaye hayumo katika hao wengi: yule anayebanwa na kifuko cha majimaji alichozaliwa nacho, kilichojificha katikati ya kifua, kwenye ukuta wa umio.

Ni ugonjwa wa nadra. Hata hivyo unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu upasuaji mmoja uliofanywa vizuri huuondoa kabisa, na hakuna kingine kinachouponya. Antibiotiki hazikifikii kifuko hicho, dawa ya kuvuta ya pumu haikipunguzi, na sindano ya kukitoboa hukipunguza kwa muda tu kabla hakijajaa tena.

Tazama kwanza mahali kinapokaa. Umio ni mrija wa misuli unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, na kwa mtoto mchanga una urefu wa sentimita 8 hadi 10 tu. Ndani ya kifua, mbele yake kuna bomba la hewa, chini kidogo kuna moyo, nyuma kuna pingili za uti wa mgongo, na kushoto na kulia kuna mapafu. Nafasi ya ziada hakuna. Pingili hazisogei, kwa hiyo chochote kinachovimba hapo hukisukuma kilicho laini, na bomba la hewa la mtoto mchanga ni laini sana kwa kuwa gegedu zake bado hazijakakamaa. Upana wake ni milimita chache. Upana huo ukipungua kwa nusu, ukinzani wa hewa inayopita haupandi mara mbili, hupanda mara 16. Kifuko chenye kipenyo cha sentimita 3, ambacho mtu mzima angeweza kuishi nacho miaka bila habari, humfanya mtoto wa miezi mitatu avute pumzi kwa shingo na mbavu.

Kifuko chenyewe huanza mapema mno, wakati mama ndiyo kwanza anahisi kwamba huenda ana mimba. Katika wiki ya nne kiinitete kina mrija mmoja upande wa mbele, na kutoka mrija huo bomba la hewa na mapafu huchipuka na kujitenga na umio. Halafu chembe za utando wa ndani wa umio huongezeka hadi kuziba karibu njia yote, kisha vitundu vidogo hufunguka kati yake na kuungana, njia ikawa wazi tena. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba katika baadhi ya mimba kitundu kimoja hakiungani na njia kuu. Kinabaki kimejifungia ndani ya ukuta, na utando wake, ambao kazi yake ni kutoa ute, unaendelea kuutoa ute usio na pa kwenda. Kifuko hujaa polepole. Ndiyo maana mtoto mmoja huonekana mgonjwa siku ya kwanza na mwingine akiwa na miaka mitatu, ingawa wote wawili walizaliwa nacho.

Hakuna chakula mama alichokula, wala kazi aliyofanya, wala jicho la jirani, lililosababisha hilo. Kwa kawaida halirithiwi pia. Lisemwe wazi mbele ya baba na mbele ya mama mkwe, maana lawama zikianza, mama huogopa kurudi hospitalini na mtoto ndiye hucheleweshwa.

Nadharia ya vitundu haitoshi kwa kila mtoto. Wapo wenye kifuko ambao pia wana pingili za mgongo zilizoumbika vibaya, pengine pingili yenye upande mmoja tu, au iliyopasuka katikati. Kwa hao inadhaniwa kwamba ile kamba ya awali ambayo uti wa mgongo hujengwa kuizunguka iligawanyika, au iligandamana na utando wa njia ya chakula, kifuko kikabaki kimeshikana na mgongo. Wakati mwingine mkia wake huingia hadi kwenye mfereji wa uti wa mgongo. Daktari akiukata mkia huo bila kujua unakoelekea, maji ya uti wa mgongo yanaweza kuvuja, mtoto akapata homa ya uti wa mgongo au udhaifu wa miguu. Kwa hiyo mtu anayesoma picha ya kifua ya mtoto wa namna hii anapaswa kuzihesabu na kuzikagua pingili moja moja kabla hajasema lolote kuhusu mapafu.

Hesabu inayotajwa sana katika upasuaji wa watoto ni kifuko kimoja kati ya watu 8,200, na ilitokana na uchunguzi wa maiti. Uganda huzaa zaidi ya watoto milioni 1.5 kwa mwaka. Ukiipeleka hesabu ile kwenye idadi hii, kama makisio tu, unapata watoto wapatao 180 kila mwaka. Si wote watakaougua utotoni. Lakini hata robo yao ni watoto wengi kuliko anavyofikiri mhudumu wa kituo cha afya ambaye hajawahi kuusikia ugonjwa huu.

Kwenye maabara ya patholojia hutafutwa mambo matatu kabla ya kukiita kifuko cha umio: kiwe kimeshikana na umio, kiwe na tabaka mbili za misuli laini, na ndani kiwe na utando wa aina inayotanda njia ya chakula au njia ya hewa. Kikikutwa na gegedu kinahesabiwa kuwa ndugu yake wa karibu, kifuko cha njia ya hewa. Takriban vinne kati ya vitano vimefungwa pande zote. Vilivyobaki ni vile vyenye umbo la mrija, ambavyo huenda vikafunguka ndani ya umio. Zaidi ya nusu hukaa theluthi ya chini ya umio, na mara nyingi upande wa kulia.

Lililo la hatari zaidi katika habari hii yote ni utando wa tumbo. Katika sehemu kubwa ya vifuko hivi, ndani mna vipande vya utando ule ule unaotoa asidi tumboni. Asidi ikitolewa mahali pasipo na kinga huchimba vidonda. Damu huvuja ndani ya kifuko, kikavimba ghafla kwa saa chache. Kidonda kikipenya hadi kwenye pafu, mtoto hukohoa damu. Kikipenya kwenye umio, hutapika damu au choo chake huwa cheusi. Mwingine huvuja kidogo kidogo mpaka anabaki mweupe viganjani, akatibiwa malaria na minyoo kwa miezi, kwa sababu katika nchi yetu upungufu wa damu una sababu nyingi za kawaida na hakuna anayefikiria kifua. Kifuko kinaweza pia kuingia vijidudu na kugeuka jipu.

Dalili hutegemea mahali. Kifuko kilicho juu, karibu na shingo, hubana hewa: mtoto hutoa mlio wa kukwaruza anapovuta pumzi, huzidiwa akilala chali, hugeuka rangi ya samawati midomoni anaponyonya. Kilicho chini hubana chakula: hucheua, hutapika maziwa ambayo hayajachachuka, hukataa vyakula vizito mara tu anapoanza kulishwa uji na matoke, na uzito kwenye kadi ya kliniki hulala badala ya kupanda. Cha katikati hubana bomba la hewa la pafu moja, ute ukakwama nyuma yake, na nimonia ikarudi mara kwa mara upande ule ule.

Maneno hayo, upande ule ule, ndiyo ningependa kila mhudumu ayabebe. Mwongozo unaotumika vituoni unamfundisha ahesabu pumzi: 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, kisha atoe vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka. Ni mwongozo mzuri, na umewaokoa watoto wengi mno. Lakini umejengwa kwa ajili ya ugonjwa wa leo. Haumuulizi sana mtoto alikuwaje mwezi jana na mwezi juzi. Mtoto akitibiwa leo kituoni, mwezi ujao kwenye kliniki ya binafsi, na baadaye hospitali ya wilaya, kila mahali anaonekana ni mgonjwa mpya wa nimonia ya kwanza. Historia nzima iko kwa mama peke yake.

Na maswali yanayoitoa kwake ni mafupi.

"Mama, alipomaliza ile dawa ya kwanza, mluzi uliisha kabisa?"

"Haukuisha, musawo. Ulipungua tu."

"Akilala chali?"

"Hapo ndiyo unazidi. Mimi namlaza ubavu, ama namshika begani."

Mluzi ambao hauishi kati ya ugonjwa mmoja na mwingine, unaobadilika kwa namna mtoto anavyolala, na usioitikia dawa ya pumu, unadai picha. Na picha hiyo ipigwe, au irudiwe, mtoto akiwa amepata nafuu. Wakati wa nimonia kali weupe wa ugonjwa hufunika kila kitu. Wiki chache baada ya dawa, kilichobaki cheupe ndicho cha kuchunguzwa.

Picha ya eksirei ndiyo mlango, na inapatikana katika hospitali nyingi za wilaya ingawa si kila siku mashine ina umeme au filamu. Kifuko huonekana kama kivuli cha duara chenye kingo laini, karibu na uti wa mgongo, mara nyingi kikiwa kimelisukuma bomba la hewa pembeni. Picha ya mbele peke yake inaweza kukificha nyuma ya moyo. Ya ubavuni inakiweka mahali pake, kwa hiyo ziombwe zote mbili. Kikionekana na mstari bapa, hewa juu na maji chini, maana yake kimefunguka mahali fulani, pengine kwenye umio.

Hatua inayofuata kwa bei nafuu ni kumnywesha mtoto dawa ya bariamu huku akipigwa picha. Bariamu hushuka kwenye umio na kuonyesha mbonyeo laini unaosukumwa kutoka nje, huku utando wa ndani ukiwa mzima. Kipimo hiki hakikionyeshi kifuko chenyewe. Kinaonyesha alama kinayoacha. Mtoto anayepaliwa mara kwa mara anywe kwa uangalifu mkubwa, maana bariamu ikiingia mapafuni inaongeza tatizo.

Ultrasaundi haithaminiwi vya kutosha kwenye kifua, kwa sababu mawimbi yake hayapiti kwenye hewa. Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, mbavu bado zina gegedu nyingi na tezi kubwa ya thaimasi iliyo mbele ya moyo hutumika kama dirisha. Mpigaji mwenye uzoefu anaweza kuona majimaji, na kuuzunguka ukuta wenye mistari miwili, mweupe ndani na mweusi nje: utando na misuli. Mistari hiyo miwili ikionekana, karibu una jibu. Mashine hiyo hiyo ipitishwe tumboni kabla mtoto hajashuka kitandani, kwa kuwa baadhi ya watoto hawa, kama mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo, wana kifuko kingine kwenye utumbo. Mimba ikipigwa ultrasaundi na mtu makini, kifuko huweza kuonekana hata kabla ya kuzaliwa.

Skani ya CT ndiyo humpa daktari wa upasuaji ramani: kifuko kinagusa nini, mishipa mikubwa inapita wapi, kiko upande gani. Dawa inayodungwa mshipani huing'arisha mishipa ya damu na ukuta wa kifuko, ila katikati hubaki bila kung'aa. Kukiwa na shaka yoyote kuhusu pingili, MRI ya mgongo, yaani picha ya sumaku, ni ya lazima kabla ya kisu. Jambo moja lisisahaulike kwenye chumba cha skani. Mtoto mwenye bomba la hewa lililobanwa akipewa dawa ya usingizi ili atulie, anaweza kuacha kupumua palepale kwenye mashine. Afadhali mtoto mchanga anyonyeshwe, afungwe vizuri kwa shuka, apigwe picha akiwa amesinzia mwenyewe. Asiyewezekana hivyo apelekwe na mtaalamu wa nusukaputi mwenye vifaa vyake vyote mkononi.

Vivuli vingine vinafanana. Tezi za kifua kikuu hubana njia ya hewa vilevile, na kwa kuwa kifua kikuu ni cha kawaida kwetu, watoto wengi wa namna hii huanzishiwa dawa zake. Si kosa kukifikiria. Lakini tezi hizo hukaa zaidi pembeni mwa bomba la hewa na kwenye mzizi wa pafu, si nyuma kabisa, na zina nyama wala si maji matupu. Mtoto aliyemaliza miezi ya dawa na kivuli chake hakijapungua hata kidogo anahitaji jibu lingine. Nyuma ya kifua, jirani na mgongo, hukaa pia uvimbe wa mishipa ya fahamu, ambao baadhi yake ni saratani. Huo ni wa nyama, mara nyingi una chembe za chokaa, na huweza kula mbavu. Kwa mtoto wa Karamoja lazima kifikiriwe kifuko cha tegu wa mbwa, ugonjwa uliozoeleka kwa jamii za wafugaji wa ukanda ule, ambao nao hujaza maji pafuni au kwenye ini.

Familia nyingi zikisikia neno uvimbe hudhani zinapelekwa Taasisi ya Saratani pale Mulago. Kifuko cha umio si saratani. Kugeuka saratani kumeripotiwa kwa watu wazima wachache sana, na ni sababu mojawapo ya kukiondoa mapema, ila kwa mtoto aliye mbele yako si hofu ya leo.

Kuhusu sindano nitasema kwa ukali kidogo. Ukiona kifuko cha maji, hamu ya kukitoboa ni kubwa, na kwa familia isiyo na nauli ya kwenda mbali inaonekana huruma. Utando unaotoa ute unabaki ndani, hivyo kifuko hurudi. Sindano huingiza vijidudu mahali palipokuwa safi, na kovu lake hukigandisha kifuko kwenye umio hadi upasuaji wa baadaye unakuwa mgumu mara mbili. Kama kumbe kilikuwa cha tegu, maji yake yakimwagika yanaweza kumletea mtoto mshtuko wa aleji wa kuua. Kutoboa kuna mahali pamoja tu: mtoto anayekata roho kwa kukosa hewa, hospitalini, ili apate saa chache za kufika mezani. Kukata kipande kidogo cha nyama cha kupima kwa kamera ya endoskopi nako hakufai, kwa sababu kunatoboa utando mzima wa umio ambao daktari wa upasuaji atauhitaji.

Rufaa nchini hupanda ngazi: kituo cha daraja la pili au la tatu, cha daraja la nne, hospitali kuu ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha ya taifa. Kwa ugonjwa huu ngazi za katikati zinaweza kurukwa mara picha inapoonyesha kivuli nyuma ya kifua. Vitengo vya upasuaji wa watoto vipo Mulago na Mbarara, na tangu 2021 ipo hospitali ya upasuaji wa watoto Entebbe, iliyojengwa na shirika la Italia la EMERGENCY kwa michoro ya msanifu Renzo Piano, yenye kuta za udongo ulioshindiliwa na vyumba vitatu vya upasuaji, ambako matibabu ni bure. Mama anayetoka Busia au Arua abebe filamu zenyewe, si karatasi ya majibu peke yake, na kadi ya kliniki yenye uzito wote. Kadi hiyo humwonyesha daktari mwezi ambao mtoto aliacha kukua.

Je, mtoto asiye na dalili, aliyegunduliwa kwa bahati, apasuliwe? Naona ndiyo, na madaktari wengi wa fani hii hushauri hivyo, kwa sababu ya asidi, maambukizi na kukua kwa kifuko. Ila haraka hakuna. Akiwa anapumua na kunyonya vizuri, kungoja miezi kadhaa hadi awe mkubwa kidogo huipunguza hatari ya nusukaputi. Anayebanwa pumzi hangojwi.

Kabla ya siku ya upasuaji, nimonia itibiwe, damu ipimwe na kuandaliwa, malaria itafutwe. Kwa Uganda kipimo cha selimundu hakirukwi: utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulikuta takriban 13% ya watoto wachanga wamebeba chembe hiyo ya urithi, na mtoto mwenye ugonjwa wenyewe hapaswi kukumbwa ghafla na upungufu wa oksijeni akiwa na pafu moja lililokunjwa. Mama aelezwe saa za kufunga kwa lugha anayoielewa: maziwa ya mama yasimame muda wa saa 4 kabla ya upasuaji, maziwa ya ng'ombe, uji na chakula muda wa saa 6 kabla. Kumfungisha tangu jioni mtoto atakayepasuliwa saa sita mchana ni kumtesa bila faida.

Dakika za hatari kubwa ni zile za kwanza, kabla kisu hakijagusa ngozi. Misuli ya mtoto ikilegea kwa dawa, ile nguvu iliyokuwa inalishikilia bomba la hewa lisilalie inatoweka, na kifuko hulikandamiza. Mtaalamu mzuri wa nusukaputi humwacha mtoto apumue mwenyewe mpaka mpira wa hewa upite chini ya mahali palipobanwa, humweka kwa mlalo ambao mama alisema unampa nafuu, na daktari wa upasuaji huwa amekwisha kunawa, yuko tayari. Jibu la mama kuhusu mtoto kulala ubavu linarudi hapa likiwa na thamani ya dawa.

Mtoto hulazwa ubavu. Daktari huingia kati ya mbavu, kwa kawaida nafasi ya nne hadi ya sita kulingana na urefu wa kifuko, akiisogeza misuli ya mgongo badala ya kuikata inapowezekana. Palipo na vifaa, hutumika kamera na vyombo vyembamba kupitia matundu ya milimita 3 hadi 5, na gesi ya kabonidioksidi kwa msukumo mdogo ili pafu lijikunje. Maumivu hupungua na kovu huwa dogo. Sioni aibu yoyote kwa hospitali inayofungua kifua kwa njia ya kawaida: kinachomponya mtoto ni kutolewa kwa kifuko chote bila kuutoboa umio, na hilo linawezekana kwa njia zote mbili.

Pafu likisogezwa, kifuko huonekana kimevikwa misuli ya umio. Kabla ya kuanza, mpira umepitishwa mdomoni hadi tumboni, ili umio uweze kupapaswa wakati wote. Misuli hupasuliwa kwa urefu, kufuata nyuzi zake, kisha kifuko humenywa polepole kama ganda la ndizi mbichi lililogoma, kwa uzi mmoja mmoja, kikiachanishwa na utando wa ndani ambao unene wake kwa mtoto huyu ni kama karatasi. Mishipa ya fahamu ya vagasi hushuka ikilalia umio pande zote mbili. Ikikatwa, tumbo huchelewa kumwaga chakula. Kuna mrija wa limfu unaopanda karibu na mgongo. Ukijeruhiwa, majimaji meupe ya mafuta hujaa kifuani. Kilicho juu karibu na shingo kinapakana na mshipa unaoendesha kisanduku cha sauti.

Wakati mwingine kifuko na umio vina ukuta mmoja wa pamoja usiotenganishika, hasa kilichowahi kuingia usaha. Kulazimisha hapo ni kuupasua umio. Busara ni kukifungua, kuondoa ukuta wote ulio huru, na kwenye sehemu iliyoshikana kuchuna utando wa ndani peke yake, misuli ikaachwa. Utando ndio unaotoa ute na asidi. Ukiisha, hakuna cha kukijaza tena.

Kisha umio hujaribiwa. Kifua hutiwa maji vuguvugu ya chumvi, hewa husukumwa kupitia ule mpira, na kila mtu chumbani hutazama povu. Tundu dogo lililoonekana sasa hushonwa kwa nyuzi chache na hupona. Lisiloonekana hugeuka uambukizo wa kifua baada ya siku tatu. Mwisho misuli hufungwa juu ya utando. Ikiachwa wazi, utando hutokeza nje kama kifuko kipya cha chakula.

Mtoto hurudi wodini akiwa na mpira unaochuruza kifuani, na usiku wa kwanza ndio hutegemea zaidi oksijeni ya uhakika, dawa ya maumivu ya kutosha, na muuguzi asiyehudumia watoto arobaini. Mtoto anayeumwa mbavu hapumui kwa kina wala hakohoi, ute hukwama, nimonia ikaja kweli safari hii. Kama utando haukuguswa, hunyonya ndani ya siku moja au mbili. Kama ulishonwa, husubiri siku kadhaa, na wengi humnywesha dawa ya picha kwanza kuhakikisha hapavuji. Homa, mapigo ya haraka, au maji ya mpirani kugeuka machafu au kufanana na maziwa ni ishara za kumwita daktari usiku huohuo.

Kifuko hupelekwa patholojia, na majibu yafuatiliwe hata kama mtoto ameshakwenda nyumbani, kwa kuwa yanathibitisha kwamba hakikuwa kitu kingine na yanasema kama utando wa tumbo ulikuwamo. Kilichotoka chote mara chache sana hurudi. Mama asishtuke mluzi mdogo ukiendelea wiki au miezi michache: gegedu za bomba la hewa zilizokandamizwa tangu tumboni zinahitaji muda kukaza, na hukaza kadiri mtoto anavyokua. Chakula kikianza kukwama, au akicheua mno, arudi, huenda umio umebanwa na kovu au asidi inapanda. Pingili zilizoonekana na kasoro zina daktari wake wa kuzifuatilia. Na kwa kila mtoto aliyefunguliwa kifua, mgongo uangaliwe kila mwaka akiwa amevuliwa shati, mpaka amalize kubalehe, maana mbavu zilizogandamana kwenye kovu zinaweza kuupinda anaporefuka.